Bernhard Riemann: Mtoto wa mchungaji aliyemwandalia Einstein njia

WATU wengi wamelisikia jina la Albert Einstein, hata wale ambao hawajawahi kufungua kitabu cha fizikia. Ni wachache, hata hivyo, wanaomjua mwanahisabati Mjerumani ambaye bila kazi yake Einstein hangepata lugha ya kuielezea nadharia yake kuu. Mtu huyo ni Georg Friedrich Bernhard Riemann, aliyeaga dunia mwaka wa 1866 akiwa na umri wa miaka 39 pekee, Einstein akiwa hajazaliwa.

Riemann alizaliwa Septemba 17, 1826 katika kijiji cha Breselenz, kilichokuwa katika ufalme wa Hanover, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Babake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye mapato madogo na watoto sita wa kulea. Umaskini na maradhi havikuitoka nyumba hiyo. Mama alifariki mapema, na ndugu kadhaa wa Riemann walimfuata wakiwa wangali vijana.

Tangu utotoni, Riemann alikuwa na haya kupita kiasi, na kusimama mbele ya watu kulimtia hofu kuu. Lakini katika shule ya upili mjini Lüneburg, mwalimu mkuu alitambua kipaji chake na kumruhusu kuazima vitabu. Inasimuliwa kwamba alikirejesha kitabu cha Mfaransa Adrien-Marie Legendre kuhusu nadharia ya nambari, chenye kurasa zaidi ya 800, baada ya siku sita tu, akiwa amekielewa barabara.

Mwaka wa 1846 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen kusomea theolojia, ili afuate nyayo za babake na kuisaidia familia. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa katika hisabati. Alimwomba babake idhini ya kubadilisha masomo, na mzee akakubali, ingawa uamuzi huo uliahirisha tumaini la mshahara. Baada ya miaka miwili Berlin alirejea Göttingen mwaka wa 1849, akafanya kazi karibu na mwanafizikia Wilhelm Weber. Kwa sababu hiyo, kwake yeye fizikia na hisabati hazikuwa nyumba mbili.

Alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1851. Ili aruhusiwe kufundisha chuoni, alitakiwa kupendekeza mada tatu za mhadhara. Alijitayarisha kwa zile mbili za kwanza, akiamini kwamba mojawapo ndiyo ingeteuliwa. Carl Friedrich Gauss, gwiji wa hisabati wa zama hizo, alichagua ya tatu: misingi ya jiometria. Riemann, aliyekuwa pia amezama katika utafiti wa umeme, alipatwa na wasiwasi hadi afya yake ikadhoofika. Hatimaye, Juni 10, 1854, alisimama mbele ya maprofesa na kuusoma mhadhara wake.

Kwa zaidi ya miaka 2,000, wasomi walikuwa wamefuata jiometria ya Mgiriki Euclid, ambamo pembe za pembetatu hujumlika kuwa digrii 180 daima. Kanuni hiyo hufaa kwenye ubao wa darasani. Lakini tuwachukue wasafiri wawili wanaoanza safari kwenye Ikweta, mmoja Nanyuki na mwingine Macapá nchini Brazil, kila mmoja akielekea kaskazini moja kwa moja. Njia zao, ambazo mwanzoni ni sambamba, zitakutana katika Ncha ya Kaskazini. Pembe za pembetatu hiyo zikijumlishwa zinakaribia digrii 270, kwa kuwa uso wa dunia umepinda.

Gauss alikuwa ameshachunguza mpindo wa nyuso kama hizo. Riemann alikwenda mbali zaidi. Alionyesha kwamba hata anga yenyewe, ile nafasi ambamo vitu vyote vimo, inaweza kuwa na mpindo unaobadilika kutoka mahali hadi mahali, na kwamba mpindo huo waweza kupimwa na aliye ndani yake, bila kutoka nje kuutazama. Fauka ya hayo, hesabu zake hazikukomea kwenye urefu, upana na kina. Zilifaa kwa vipimo vingi kadiri mtu apendavyo.

Jambo zito zaidi lilikuwa mwishoni. Riemann alisema kuwa umbo halisi la anga haliwezi kuamuliwa kwa fikra tupu, bali kwa vipimo na majaribio, na kwamba chanzo chake hutafutwa katika nguvu zinazotenda kazi humo. Hapo ndipo alipoikabidhi fizikia swali la jiometria.

Sifa hazikumletea utajiri. Babake alifariki mwaka wa 1855, na kakake alipofariki mwaka wa 1857, jukumu la kuwakimu dada zake likamwangukia yeye. Mwaka wa 1859 aliteuliwa kushika kiti cha uprofesa kilichokuwa cha Gauss. Mwaka huo huo aliandika makala fupi kuhusu nambari tasa, yenye dhana ambayo haijathibitishwa hadi leo. Mnamo 2000, taasisi ya Clay ya Marekani ilitenga dola milioni moja kwa atakayeithibitisha.

Alimwoa Elise Koch mwaka wa 1862, lakini miezi michache baadaye akaugua, na ugonjwa huo ukageuka kifua kikuu. Alikwenda Italia mara kwa mara kutafuta hewa yenye joto, na binti yao, Ida, alizaliwa Pisa. Julai 20, 1866 alifariki huko Selasca, kando ya Ziwa Maggiore. Mhadhara wake wa 1854 ulikuwa haujachapishwa. Rafiki yake Richard Dedekind ndiye aliyeuchapisha miaka miwili baadaye.

Mwaka wa 1912, Einstein alikuwa amekwama. Mwenzake wa tangu chuoni, Marcel Grossmann, alimwelekeza kwenye jiometria ya Riemann, na Novemba 1915 akaikamilisha nadharia yake ya uhusianifu: maada huipinda anga pamoja na wakati, na mpindo huo ndio tunaouhisi kama nguvu ya mvutano. Mei 29, 1919, wakati wa kupatwa kwa jua, vipimo vilivyochukuliwa katika kisiwa cha Principe, Afrika Magharibi, na huko Sobral, Brazil, viliiunga mkono.

Kenya nayo ina sehemu katika hadithi hii. Desemba 12, 1970, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vilisaidia kutambua kuwa nyota ya Cygnus X-1 ina shimo jeusi, mahali ambapo mpindo wa anga ni mkali kiasi kwamba hata mwangaza hauponyoki.

Siku hizi watafiti wa nadharia ya nyuzi hudhania kuwa anga ina vipimo sita vya ziada, vilivyojikunja katika maumbo yanayoitwa kwa majina ya Eugenio Calabi na Shing-Tung Yau. Mwaka wa 1991, wanafizikia walitumia nadharia hiyo kuhesabu mistari fulani iliyopinda ndani ya umbo mojawapo, wakapata 317,206,375. Wanahisabati waliokuwa wamepata jibu tofauti kwa kompyuta waligundua kosa katika programu yao. Wanafizikia walikuwa sahihi.

Hata hivyo, hakuna jaribio lililokwisha kuthibitisha kuwa vipimo hivyo vya ziada vipo. Uzuri wa hesabu pekee hautoshi. Hilo Riemann alilijua tangu 1854, na ndilo deni ambalo wanafizikia wa leo bado hawajalilipa.