John Akii-Bua na pambano la Montreal ambalo halikufanyika

GOMA – Mabishano kuhusu bingwa gani wa zamani alikuwa mkubwa kuliko wenzake hayaishi. Katika tenisi watu huhesabu mataji makuu: Novak Djokovic 24, Rafael Nadal 22, Roger Federer 20. Katika riadha huhesabu medali za Olimpiki. Kwa hesabu hiyo, John Akii-Bua wa Uganda yuko nyuma sana, kwa kuwa alipata medali moja tu.

Hesabu hiyo ina kasoro. Inaonyesha ushindi wa mtu, lakini haionyeshi mashindano aliyozuiwa kushiriki. Akii-Bua, aliyefariki Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 400 kuruka viunzi chini ya sekunde 48. Baada ya hapo siasa zilimnyima Olimpiki ya pili, na vita vikamfanya mkimbizi.

Kwa sababu hiyo, kisa chake kina maana ya pekee katika mtaa wa Lac Vert, magharibi mwa Goma, ambako maelfu ya watu wameishi katika mahema kwa sababu ya vita.

Mtoto wa Lango

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa zaidi ya 40. Baba alifariki John akiwa bado kijana. Masomo yakakatika, akaanza kujitafutia riziki, na baadaye akaingia jeshi la polisi.

Polisi ndiko alikogundua kipaji chake. Miaka ya 1960, majeshi na polisi wa Afrika Mashariki walikuwa na timu imara za riadha, na kijana mwenye mbio alipata mshahara, chakula na muda wa mazoezi. Akii-Bua alianza na viunzi virefu vya mita 110. Mwingereza Malcolm Arnold, aliyefika Uganda mwaka 1968 kuwa kocha wa taifa, ndiye aliyemhamishia kwenye mita 400.

Mbio hizo ni ngumu. Mkimbiaji anazunguka uwanja mara moja kwa kasi karibu na ile ya mita 400 za kawaida, huku akiruka viunzi kumi, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 91. Lazima ahesabu hatua kati ya kiunzi na kiunzi. Akichoka, hatua hufupika, na mguu aliozoea kuutanguliza huja mahali pasipofaa.

Akii-Bua alikuwa na jibu ambalo wapinzani wake wengi hawakuwa nalo. Aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Uchovu ulipomlazimisha kuongeza hatua moja, hakupoteza mwendo.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh, alimaliza wa nne. John Sherwood wa Uingereza alishinda, na William Koskei, Mkenya ambaye wakati huo aliichezea Uganda, akachukua fedha. Akii-Bua alirudi nyumbani bila medali, na kwa miaka miwili iliyofuata aliongeza mazoezi, mara nyingine akikimbia milimani amevaa fulana yenye uzito wa risasi.

Njia ya kwanza, Munich

Fainali ya Olimpiki ya Munich ilifanyika tarehe 2 Septemba 1972. Aliyetazamiwa kushinda alikuwa David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico City mwaka 1968, ambako aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Mmarekani Ralph Mann naye alipewa nafasi kubwa.

Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji wengi hawaipendi kwa sababu kona zake ni kali, na anayekimbia kwa nguvu huhisi akisukumwa nje.

Hemery alianza kwa kasi kubwa. Akii-Bua alimfuata bila haraka, na kwenye kona ya mwisho akamfikia. Walipoingia moja kwa moja kuelekea mstari wa mwisho, Mwingereza alikuwa ameishiwa nguvu, na Mganda bado alikuwa nazo. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52.

Pengo kati ya wa pili na wa tatu lilikuwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kati ya wa kwanza na wa pili lilikuwa karibu sekunde 0.7. Tena Hemery aliweka rekodi yake Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi. Akii-Bua hakuwa na msaada huo.

Akazunguka tena uwanja kwa furaha, akiendelea kuruka viunzi. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Pia aliwashangaza wengi kwa aina ya mbio alizoshinda, kwa kuwa dhahabu za riadha za Ethiopia na Kenya kabla ya hapo zilitoka kwenye mbio za kuanzia mita 1,500 kwenda juu.

Shujaa chini ya Amin

Nyumbani alipokelewa kama shujaa. Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo polisi na kumpa nyumba, na barabara moja ya Kampala, katika eneo la Nakasero, ikapewa jina lake.

Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, wa kabila la Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin tarehe 25 Januari 1971. Baada ya mapinduzi hayo, Walango na Waacholi wengi, hasa wanajeshi na polisi, waliuawa. Bingwa wa dunia aliishi katika hali ya ajabu: utawala ulijivunia jina lake huku watu wa kabila lake wakitoweka.

Aliendelea kukimbia. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alishinda dhahabu mbele ya Koskei, ambaye sasa aliiwakilisha Kenya. Ushindani wao ulikuwa umegeuka: wa nne wa Edinburgh ndiye sasa aliyekuwa mbele.

Mpinzani ambaye hawakukutana Montreal

Kufikia mwaka 1976, rekodi ya sekunde 47.82 ilikuwa bado haijavunjwa. Wakati huo Marekani ilikuwa imempata kijana mpya, Edwin Moses, mwanafunzi wa umri wa miaka 20 ambaye aliweza kukimbia kwa hatua 13 tu kati ya viunzi, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Montreal ingewakutanisha bingwa wa Munich na kijana huyo.

Haikuwa hivyo. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na nchi nyingi za Afrika zilitaka New Zealand ifungiwe. Kamati ya Olimpiki ilikataa, nazo zikasusia michezo. Uganda ilikuwa miongoni mwao.

Sababu ya kususia ilikuwa ya haki. Ubaguzi wa Afrika Kusini ulikuwa ukiua watu, na maandamano ya wanafunzi wa Soweto yalikuwa yamemwagiwa damu mwezi mmoja tu kabla. Hata hivyo, gharama ililipwa na wanamichezo waliokuwa wamejiandaa kwa miaka minne.

Tarehe 25 Julai 1976, Moses alishinda kwa muda wa takriban sekunde 47.6 na kuivunja rekodi ya Akii-Bua. Aliyemfuata, Mmarekani Mike Shine, alitumia 48.69. Muda wa Akii-Bua wa Munich ungemweka mbele ya Shine kwa karibu sekunde 0.9. Hakuna anayeweza kusema kwamba angemshinda Moses, maana miaka minne ilikuwa imepita. Lakini siku ile, mtu wa pekee aliyewahi kukimbia kwa kiwango kinachokaribia kile cha Moses hakuwepo uwanjani.

Kutoka uwanjani hadi kambini

Mwaka 1979 vita kati ya Tanzania na utawala wa Amin viliingia ndani ya Uganda. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Akii-Bua, afisa wa polisi aliyepewa cheo na nyumba na Amin, alihofia kuhesabiwa kuwa mtu wa utawala ule, ingawa kabila lake lilikuwa limeteswa nao. Alivuka mpaka na familia yake kuingia Kenya, na huko akajikuta katika kambi ya wakimbizi.

Kwa wakazi wa Lac Vert, sehemu hii ya maisha yake haihitaji maelezo marefu. Mtaa huo, wenye jina la ziwa dogo lililo katika shimo la volkano karibu na barabara ya Sake, umeona wakimbizi kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1994 Wanyarwanda walipiga kambi upande huo na Mugunga. Miaka ya karibuni walikuja Wakongomani wenyewe, kutoka Masisi na Rutshuru, wakikimbia mapigano na M23. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani za eneo hilo na kuua watu, wakiwemo watoto. Mapema mwaka 2025, baada ya M23 kuitwaa Goma, kambi hizo zilivunjwa.

Katika hali kama hiyo, kipaji cha michezo kinapotea bila mtu kujua. Akii-Bua aliokolewa na jina lake. Puma, kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza viatu alivyokimbilia, ilimsaidia kutoka kambini, ikampeleka Ujerumani na kumpa kazi. Waliobaki kambini hawakuwa na medali ya kuwatambulisha.

Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 30, ametoka kambini mwaka mmoja tu uliopita, na hakufika fainali. Safari hii aliyekosekana alikuwa Moses, kwa sababu Marekani ilisusia michezo hiyo kupinga uvamizi wa Umoja wa Kisovyeti nchini Afghanistan. Dhahabu ilikwenda kwa Volker Beck wa Ujerumani Mashariki, aliyekimbia kwa sekunde 48.70. Miaka minane kabla, Akii-Bua alikuwa amekimbia karibu sekunde 0.9 chini ya hapo.

Baadaye alirudi Uganda, akaendelea na kazi ya polisi na kufundisha vijana riadha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa mjane mwenye watoto 11, na akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uwanja wa michezo wa Lira, mji mkuu wa eneo la Lango, una jina lake.

Nani alikuwa mkubwa?

Kwa mizani ya kawaida, Moses hana mshindani. Alishinda dhahabu mbili za Olimpiki, mwaka 1976 na 1984. Alishinda mbio 122 mfululizo kati ya 1977 na 1987, na mwaka 1983 akaishusha rekodi hadi sekunde 47.02. Leo rekodi ni 45.94, iliyowekwa na Karsten Warholm wa Norway mjini Tokyo mwaka 2021, akiwa na viatu na njia za kukimbilia ambazo mtu wa 1972 hakuziota.

Tenisi inatoa njia nyingine ya kupima. Rod Laver wa Australia alishinda mataji yote makuu manne mwaka 1962. Alipoanza kucheza kwa malipo, akafungiwa nje ya mashindano hayo kwa miaka mitano, kwa kuwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu. Milango ilipofunguliwa mwaka 1968 alirudi, na mwaka 1969 akayashinda tena yote manne. Ana mataji 11, chini ya nusu ya Djokovic, lakini hakuna mjuzi wa tenisi anayemtaja bila kuikumbuka miaka ile mitano.

Akii-Bua anastahili kupimwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Laver alirudi akiwa bado na nguvu zake, tena akarudi kwenye uwanja wa tenisi. Akii-Bua alipofunguliwa mlango alikuwa anatoka kambi ya wakimbizi.

Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London tarehe 12 Agosti 2012. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye watu wengi kuliko Uganda na Kenya, bado haijapata medali yoyote ya Olimpiki, hata ya shaba. Anayetaka kujua sababu hawezi kuangalia orodha za washindi peke yake. Itabidi aangalie pia ni vijana wangapi wa Kivu ambao miaka yao ya mazoezi imepita kwenye mahema ya barabara ya Sake.