Profesa Lambo: Daktari Aliyemwacha Mgonjwa na Ndugu Zake



Wapendwa wasomaji, sisi tuliokulia Mkunya tunajua: mtu akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukoo hugawanyika. Mjomba anataka mganga, mama anataka maombi, muuguzi anataka hospitali. Mgonjwa hubaki katikati, pengine amefungwa kamba. Ndiyo maana leo tunamkumbuka Profesa Thomas Adeoye Lambo.

Alizaliwa mwaka 1923 mjini Abeokuta, Nigeria. Alisomea udaktari Birmingham, Uingereza, kisha magonjwa ya akili jijini London. Mwaka 1954 alikabidhiwa hospitali ya Aro, huko huko Abeokuta, majengo yakiwa bado hayajakamilika. Hakungoja vitanda. Aliongea na wazee wa vijiji vya jirani wawapokee wagonjwa, wakiwemo wenye skizofrenia. Kila mgonjwa alikuja na ndugu wa kumpikia na kumwangalia. Walikwenda hospitali kutibiwa, kisha walirudi kijijini, wakalima na kuishi na watu.

Lambo aliwaita pia waganga wa jadi. Hakuwa ameiacha sayansi. Aliona kwamba wanazijua hofu na desturi za wagonjwa kuliko daktari aliyetoka ng'ambo. Waliongoza shughuli za vikundi, lakini dawa za hospitali zilibaki kwa madaktari.

Baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Ibadan, na kuanzia mwaka 1973 hadi 1988 alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Alikuwa pia mwanachama wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Alifariki mwaka 2004. Hata Tanzania, katika miaka ya 1970, palikuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili.

Sisi Wakatoliki hatuendi kupiga ramli, na katika hilo hatumfuati mganga. Lakini Lambo anatufundisha kwamba dawa, mazungumzo, kazi na ndugu havishindani. Nasi tunaongeza sala. Mpako wa Wagonjwa haumwambii mtu aache vidonge, wala vidonge havimwambii aache Misa.

Basi, jumuiya ndogo ndogo ikikutana wiki hii, tuulize: katika nyumba zetu, nani amefichwa chumba cha nyuma? Twende tukamtembelee, kisha tumsindikize kliniki.