Arthur Andersen: Mkaguzi aliyekataa kuidhinisha hesabu za uongo

ARTHUR Andersen alikuwa na shida ya kupata fedha za kulipa mishahara ya wafanyakazi wake wachache pale mkuu wa kampuni moja ya reli alipofika ofisini mwake jijini Chicago, Marekani, mnamo 1914.

Mgeni huyo alitaka hesabu za kampuni yake ziidhinishwe. Gharama zilizostahili kuondolewa katika mapato ya mwaka huo zilikuwa zimeahirishwa hadi miaka ya mbele, na faida ikaonekana nono kuliko ilivyokuwa. Andersen alikataa katakata. Alimweleza mteja wake kwamba hakuna kiasi cha fedha ambacho kingemfanya abadilishe msimamo. Kazi ikampotea, lakini miezi michache baadaye kampuni hiyo ilifilisika.

Andersen alizaliwa Mei 30, 1885 katika mji wa Plano, jimbo la Illinois. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Norway, na mamaye alimfunza tangu utotoni kufikiri sawasawa na kusema ukweli. Alipofikisha umri wa miaka 16 tayari alikuwa yatima. Mchana alifanya kazi ya kusambaza barua katika kampuni, usiku alihudhuria masomo. Mnamo 1908, akiwa na umri wa miaka 23, akawa mhasibu mdogo zaidi kwa umri kuidhinishwa na serikali katika jimbo hilo.

Alifundisha uhasibu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na mnamo 1913 yeye na Clarence DeLany wakaanzisha kampuni yao ya ukaguzi.

Mtihani mwingine ulimkabili mnamo 1915. Meli ya mmoja wa wateja wake ilizama katika Ziwa Michigan mwezi Februari, baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Kisheria hasara hiyo ingeweza kunyamaziwa. Hata hivyo, Andersen alishikilia kwamba ni lazima itajwe, kwa kuwa waliokusudia kukopesha kampuni hiyo fedha zao walikuwa na haki ya kujua.

Uaminifu huo uligeuka kuwa mtaji. Himaya ya umeme ya Samuel Insull ilipoporomoka mnamo 1932, wakopeshaji walimtegemea Andersen kusimamia maslahi yao. Alipofariki Januari 10, 1947, jina lake pekee lilitosha kuwapa wawekezaji imani.

Lakini jina jema halijilindi lenyewe. Kadiri miaka ilivyosonga, kampuni yake ilizidi kutegemea malipo ya ushauri kutoka kwa wateja wale wale iliowakagua. Mnamo 2000, kampuni ya kawi ya Enron iliilipa dola milioni 52, zaidi ya nusu zikiwa za kazi zisizohusu ukaguzi. Mwaka uliofuata, mhasibu mwandamizi aliyepinga mbinu za Enron aliondolewa katika jukumu la kutoa ushauri kuhusu hesabu zake baada ya mteja huyo kulalamika.

Enron ilifilisika Desemba 2, 2001. Ilibainika kuwa wafanyakazi wa kampuni ya Andersen walikuwa wameharibu stakabadhi nyingi. Mnamo Juni 2002 kampuni hiyo ilipatikana na hatia ya kuzuia haki, na takriban watu 85,000 waliokuwa wameajiriwa kote duniani wakalazimika kutafuta riziki kwingine. Mahakama ya Juu ilibatilisha hukumu hiyo mnamo 2005 kwa sababu ya kasoro katika maagizo waliyopewa wazee wa baraza, lakini wakati huo hapakuwa na kampuni ya kuokoa.

Mwasisi alimpoteza mteja akabaki na jina. Warithi wake walimng'ang'ania mteja, wakapoteza vyote viwili.