Robert Koch: Bingwa wa vijidudu aliyekwama kwa malale Ziwa Victoria

Ukitaja jina la Robert Koch, wengi watakumbuka kifua kikuu. Wachache wanajua kwamba jina la daktari huyu wa Kijerumani limo pia kwenye historia ya Kagera, tena mara mbili: kwanza kwa tauni, kisha kwa malale.

Kutoka kijijini hadi Nobel

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal. Alisomea udaktari Göttingen, kisha akawa daktari wa kawaida tu wa wilaya. Maabara hakuwa nayo. Alikuwa na hadubini nyumbani kwake, na kwa kifaa hicho alionyesha mwaka 1876 jinsi bakteria wa kimeta wanavyosababisha ugonjwa.

Machi 24, 1882, akiwa Berlin, alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Dunia nzima ikamjua. Mwaka 1890 aliteleza: dawa yake ya tuberculin, aliyoitangaza kuwa itatibu ugonjwa huo, haikuponya. Hata hivyo, mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel.

Tauni ya Kiziba

Mwaka 1897 Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Habari zikafika kwamba watu wanakufa Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, kwa ugonjwa wa matezi ambao wenyeji waliuita rubwunga. Daktari mwenzake, Zupitza, alikwenda huko na kuleta sampuli. Koch alipoziangalia kwenye hadubini, hakuwa na shaka: ni tauni.

Wenyeji walikuwa wameshaujua ugonjwa huo kabla ya hadubini kufika. Kilichokuwa kigeni kwao ni jina la mdudu tu.

Malale yaingia

Miaka michache baadaye likaja janga kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1900 hivi, malale yalivamia mwambao wa Ziwa Victoria na kuua watu wapatao laki 2 na nusu, wengi wao Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba chanzo ni kimelea aitwaye tripanosoma, anayesambazwa na mbung'o.

Koch alifika ziwani mwaka 1906. Alianzia upande wa Mwanza, kisha akapiga kambi visiwa vya Sese, kaskazini mwa Bukoba. Alipima damu za watu, akachunguza hata mamba, kwa sababu mbung'o hula damu yao. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya malale Kigarama, Kiziba, kwa kuwa vijana waliokuwa wakivuka kwenda Uganda kutafuta kazi walikuwa wakirudi na ugonjwa.

Silaha yake ilikuwa Atoxyl, dawa ya sindano yenye arseniki. Mwanzoni ilionekana kama muujiza: vimelea vilitoweka kwenye damu. Lakini baadaye vilirudi, maana dawa haikufika vizuri kwenye ubongo vilikojificha. Koch akaongeza dozi. Matokeo yake, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka macho, moja kwa moja.

Hao walikuwa watu waliokuja kambini wakitafuta uzima. Hawakuwa na nafasi kubwa ya kuuliza wala kukataa chini ya utawala wa wakati ule. Hili ni doa ambalo wanahistoria hawalifuti, hata wanapomsifu Koch kwa mengine.

Jibu lilikuwa kwenye mafuta

Kulikuwa na fumbo jingine. Tripanosoma wengi wanaoua ng'ombe kwa nagana hawamdhuru binadamu. Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa amegundua kwamba majimaji ya damu ya binadamu huua vimelea hivyo. Kwa nini? Koch hakuishi kuliona jibu.

Iko hivi. Kila seli ya mnyama imezungukwa na utando wa mafuta, na ndani yake mna vyumba vingine vyenye utando. Mafuta hayo lazima yahamishwe kutoka utando mmoja hadi mwingine, lakini katikati ni maji. Na mafuta na maji haviivi chungu kimoja; mimina samli kwenye maji uone.

Basi protini hufanya kazi ya bodaboda. Baadhi zina mfuko ndani yake: hubeba mafuta yakiwa yamefichwa yasiguse maji, huvuka, halafu huyashusha kwenye utando wa pili. Kwenye damu safari ni ndefu zaidi, kwa hiyo protini hujikusanya na mafuta kuwa furushi. Moja ya mafurushi hayo ndiyo ile hospitali huita kolesteroli nzuri.

Tripanosoma hulimeza furushi hilo kujipatia chakula. Hajui kwamba ndani amepanda abiria mwingine, protini iitwayo APOL1. Ikishaingia, hutoboa utando wa kimelea, naye huvimba na kufa. Watafiti walithibitisha kazi ya APOL1 mwaka 2003.

Aina mbili za tripanosoma zimejifunza kukwepa mtego huo, na ndizo zinazoleta malale kwa binadamu. Aina ya Afrika Mashariki ina protini yake inayoikamata APOL1 kabla haijatoboa kitu.

Mbung'o bado wapo

Koch alikufa Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Atoxyl iliachwa, ingawa utafiti wake ulimsaidia Paul Ehrlich kutengeneza dawa ya kaswende.

Leo malale yamepungua sana, na kuna vidonge vya fexinidazole badala ya sindano za arseniki. Lakini mfugaji wa Muleba anayechunga karibu na mapori ya Burigi bado anamjua mbung'o. Mbung'o akimuuma yeye, kinga ya kwanza imo kwenye mafuta ya damu yake. Ng'ombe wake hana kinga hiyo.