Maisha ya Sir Humphry Davy

Likizo iliyopita nilikuwa Makambako kwa mjomba wangu, ambaye husubu masufuria kwa vyuma chakavu. Siku moja tulitia chunguni ganda la injini ya msumeno wa kukatia miti, tukidhani ni alumini. Ghafula ukazuka moto mweupe usiotazamika. Nilikwisha inua ndoo ya maji, mjomba akanidaka mkono, akakifunika chungu kwa mfuniko wa chuma, tukakaa mbali mpaka moto ukafa. Mwalimu wetu wa kemia alinieleza baadaye kuwa ile ilikuwa magnesiamu, na kwamba maji yangetoa haidrojeni na kutulipukia. Basi nikatafuta habari za mtu wa kwanza kuitenga metali hiyo.

Humphry Davy alizaliwa Penzance, Uingereza, tarehe 17 Desemba, 1778. Baba yake, mchonga mbao, alifariki mwaka 1794 akaacha madeni. Kijana akawa mwanagenzi wa tabibu. Chuo kikuu hakukiona. Hata hivyo mwaka 1801 aliitwa kufundisha katika Royal Institution, London.

Mwaka 1807 alitenga potasiamu kwa umeme. Mwaka 1808 alipitisha umeme katika magnesia iliyochanganywa na oksaidi ya zebaki, akapata magnesiamu iliyoshikana na zebaki. Kuitenga zebaki kulihitaji moto, na magnesiamu ikipata moto penye hewa huungua. Davy akaipashia ndani ya bomba la kioo lililojaa mvuke wa nafta, hewa isiingie. Alipata chembe kidogo tu, nayo ikigusa hewa iligeuka unga mweupe.

Mwaka 1812 mlipuko ulimwumiza macho. Mwaka 1815 alibuni taa ya wachimba makaa, asitake hataza. Kwangu hilo lapita cheo chake cha Sir. Alifariki Geneva tarehe 29 Mei, 1829.

Viwandani hata leo magnesiamu iliyoyeyuka hufunikwa kwa chumvi au gesi. Utando wake wa oksaidi una vinyweleo, hewa hupenya. Ikitiwa kalsiamu kidogo, utando hukaza na metali hukawia kushika moto. Na kalsiamu hiyo Davy aliitenga mwaka ule ule wa 1808!

Mjomba naye siku hizi hukwangua kila ganda la injini na kulidondoshea siki. Likitoa mapovu, haliingii chunguni.