Aryabhata: Uzi wa upinde ulivyogeuka ‘sin’ kwenye simu yako

Fungua kalkuleta ya simu yako kisha ilaze simu. Kwenye simu nyingi utaona kitufe kimeandikwa sin. Ni kifupi cha sinus, neno la Kilatini lenye maana ya mkunjo wa nguo. Sasa mkunjo wa nguo na pembetatu wapi na wapi? Jibu liko India, kwa Aryabhata.

Aryabhata alizaliwa mwaka 476 na alifanya kazi Kusumapura, mji unaohesabiwa na wengi kuwa ndio Patna ya leo. Mwaka 499, akiwa na miaka 23 tu, aliandika Aryabhatiya, kitabu cha hisabati na elimu ya nyota, chote kwa beti za Kisanskriti. Humo alikadiria pai kuwa 3.1416.

Chora duara, kisha unganisha nukta mbili za ukingo wake kwa mstari. Kipande cha duara kinafanana na upinde, na mstari ule ni uzi wake. Wahindi waliuita jya, yaani uzi wa upinde. Aryabhata alitumia nusu ya uzi huo, ambayo ni upande wa pembetatu yenye pembe mraba, ule unaotazamana na pembe inayopimwa. Akaandaa jedwali la thamani 24 za kukokotolea mienendo ya sayari.

Waarabu walilichukua neno hilo wakaliandika jiba. Lakini maandishi ya Kiarabu kwa kawaida hayaonyeshi irabu zote, hivyo waliofuata wakalisoma jaib, yaani mkunjo wa nguo kifuani. Karne ya 12 wafasiri wa Ulaya wakaligeuza kuwa sinus. Uzi wa upinde ukapotea njiani, ila hesabu ikabaki sahihi.

Wazo lake jingine lilipata shida zaidi. Alisema dunia inajizungusha, na nyota zinaonekana tu kama zinatembea, vile vile aliye ndani ya mtumbwi anavyoona vitu vya ufukweni vikirudi nyuma. Mwaka 628 mwanahisabati mwenzake wa India, Brahmagupta, alilipinga waziwazi. Zilipita karne nyingi kabla halijakubalika.

Mwaka 1975 satelaiti ya kwanza ya India ilirushwa angani. Ilipewa jina Aryabhata.