Seyyid Barghash na Mizani ya Forodha

Katika mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, ilitolewa Unguja sarafu ndogo ya shaba yenye picha ya mizani upande mmoja. Aliyeamuru itolewe ni Seyyid Barghash bin Said, na bado vipande vyake vimo mikononi mwa wenye kuhifadhi vitu vya kale. Lakini siku sarafu ile ilipoingia sokoni, mizani iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini, yaani mizani ya forodha, haikuwa mikononi mwa Barghash. Alikuwa ameikodisha.

Huenda msomaji wa Shinyanga, au wa Ukerewe na Kome, akauliza habari ya Sultani wa Unguja yatuhusu nini. Yatuhusu, kwa sababu pembe zilizochukuliwa mabegani na Wanyamwezi na Wasukuma, kwa safari ya miezi mingi hadi Bagamoyo, zilihesabiwa kwa frasila na kutozwa ushuru kwa jina la Sultani huyo. Jasho la babu zetu lilikuwa sehemu kubwa ya mapato yake. Na namna alivyoyatunza mapato hayo ni somo ambalo hatujalimaliza.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, akiwa mmoja wa wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, kijana huyo alikuwamo melini, naye ndiye aliyeirudisha maiti Unguja. Kiti kilikwenda kwa ndugu yake Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kukitwaa kwa nguvu, na dada yake Salme, aliyejua kuandika katika zama ambazo wanawake wachache walifundishwa kazi hiyo, akawa mwandishi wa barua za waasi. Askari wa manowari ya Kiingereza walimsaidia Majid, uasi ukavunjika, Barghash akahamishiwa Bombay kwa takriban miaka 2. Huko aliona bandari kubwa, meli za moshi na mji wenye utaratibu. Majid alifariki Oktoba 1870, na mhamishwa wa jana akawa Sultani.

Alichokirithi kilikuwa na fahari nje na madeni ndani. Tangu zamani watawala wa Unguja hawakukusanya ushuru wenyewe. Waliikodisha forodha kwa tajiri mmoja, naye aliwalipa kiasi kilichokwisha kukubaliwa kwa mwaka, kisha akaweka makarani wake katika kila bandari na kukusanya alichoweza. Ziada ilikuwa yake. Mwaka 1819 kodi hiyo ilikuwa riale 84,000. Barghash alipoanza kutawala ilikuwa imefika takriban riale 300,000. Kwa miaka mingi mshika forodha alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, kutoka Kachi katika Bara Hindi.

Kwa mtawala mvivu mpango huo ulikuwa na raha yake. Fedha zilikuja bila taabu ya kuajiri makarani na kuwakagua. Tena alipopungukiwa, mshika forodha alimkopesha. Ubaya wake ulikuwa palepale penye raha yake: Sultani alijua kodi aliyolipwa, lakini hakujua nchi yake ilizalisha kiasi gani. Daftari lilikuwa la mtu mwingine. Na kwa kukopa kila mwaka, mwenye nchi akawa mdaiwa wa mtoza ushuru wake mwenyewe. Majid alipofariki, nyumba ya Jairam Shivji ilidai zaidi ya riale 500,000, na Barghash alishindana nayo sana kabla ya deni hilo kupunguzwa.

Ugonjwa huo haukuwa wa Unguja peke yake. Wafalme wa Uingereza katika karne ya 12 nao waliwaachia maliwali wa wilaya zao wakusanye mapato na kulipa kiasi kilichowekwa. Lakini katika enzi ya Henry I, aliyetawala tangu 1100 hadi 1135, iliwekwa Baraza la Hazina. Mara mbili kwa mwaka kila liwali aliitwa mbele yake, fedha zikahesabiwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha mirabaraba, na hesabu ikaandikwa. Wale hawakuuacha ukodishaji mara moja. Walianza kwa kumlazimisha aliyekodishwa aje kujieleza. Forodha ya Unguja ilikosa meza ya namna hiyo.

Miaka ya kwanza ya Barghash ilikuwa ya misiba. Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuziharibu meli zake. Tarehe 5 Juni 1873, akitishiwa kufungiwa bahari na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko lao. Tusimlilie kwa hasara hiyo. Utajiri wa ufalme ule ulisimama juu ya migongo ya watumwa wa mashambani, na hatuwezi kumsifu mwenye hazina tukawasahau walioijaza. Lakini hesabu ilibaki kuwa hesabu: mikataba na Marekani ya 1833, na Uingereza ya 1839 na Ufaransa ya 1844 ilikwisha kuufunga ushuru wa bidhaa za kigeni katika asilimia 5. Hapo mzigo ukazidi kuiegemea mali iliyotoka bara, na hasa pembe.

Mwaka 1876 alimnyang'anya mshika forodha wa zamani na kumpa Taria Topan, tajiri mwingine, kwa kodi iliyo kubwa zaidi. Hapo ndipo tunapoona mpaka wa fikira zake za wakati ule. Alimbadilisha mtu, mpango akauacha. Fedha ziliongezeka, naye akazitumia kwa mambo makubwa: jeshi jipya lililoanzishwa 1877 chini ya Lloyd Mathews, meli za moshi zilizosafiri hadi Bombay, maji safi ya bomba kutoka chemchemi nje ya mji, na jumba la Beit al-Ajaib lililokamilika 1883. Wananchi wa mji walifaidika na maji yale. Hata hivyo yote yalitoka katika mfuko mmoja, uliokuwa mfuko wa Seyyid na beitalmali ya nchi kwa pamoja. Hakuna aliyeweza kusema kipi ni cha mtu na kipi ni cha watu.

Kisha dunia ikamgeukia. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikusanya mikataba ya hila bara. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani, naye akasalimu amri. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza waligawana bara, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Ni katika mwaka huo huo, 1886, ndipo Barghash alipofanya aliloshindwa kulifanya kwa miaka 16: aliuvunja ukodishaji, akaiweka forodha chini ya watumishi wake mwenyewe.

Lilikuwa jambo la haki, lakini lilikuja jioni. Mei 1887 aliikabidhi kampuni ya Waingereza utawala na ushuru wa pwani ya kaskazini kwa miaka 50. Mwenyewe akarudi kule kule alikotoka, safari hii mpangaji akiwa na manowari nyuma yake. Alifariki tarehe 27 Machi 1888. Mwezi uliofuata ndugu yake Khalifa aliwakodishia Wajerumani pwani ya kusini kwa masharti ya namna hiyo. Agosti 1888 walipokuja kuzishika bandari, pwani ikawaka moto. Abushiri bin Salim aliongoza vita hivyo mpaka alipotiwa kitanzi Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani ikalipa marki milioni 4, na pwani ile haikuwa tena ya kukodi. Mwaka 1891 mwakilishi wa Uingereza, Gerald Portal, aliishika hazina ya Unguja yenyewe, akautenga mfuko wa Sultani na mfuko wa serikali, na Sultani akapangiwa posho. Yale mageuzi ambayo Barghash angeweza kuyafanya kwa faida ya nchi, yalifanywa na mgeni kwa faida ya mgeni.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunakumbuka jinsi halmashauri zilivyowapa mawakala kazi ya kukusanya ushuru wa masoko, wa stendi na wa mialo ya samaki. Wakala alilipa kiasi kilichokubaliwa, na halmashauri haikujua ni ndoo ngapi za dagaa wala kilo ngapi za sangara zilizopita mwaloni. Yule wakala ni mjukuu wa mshika forodha wa Unguja. Baadaye zilikuja mashine za kielektroniki, nazo ni hatua njema. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeonyesha zaidi ya mara moja fedha zilizopita katika mashine na zisifike benki. Mashine bila ukaguzi ni sarafu yenye picha ya mizani.

Upande wa dhahabu, hapana budi tukiri hatua iliyopigwa. Sheria za 2017 zilikuja kwa sababu taifa lilitambua kwamba halikuwa likijua vyema kilichomo ndani ya makontena yaliyosafirishwa nje. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mchimbaji mdogo, aliyezoea kupimiwa katika vyumba vya uchochoroni, akapata mahali ambapo dhahabu yake inapimwa mbele ya serikali na ushuru wake kuandikwa.

Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mtumishi wa halmashauri aliye mwaloni asubuhi, karani wa soko la madini, na diwani anayepewa hesabu za robo mwaka, wote wamekabidhiwa kile Barghash alichokitwaa akiwa amechelewa. Mvuvi wa Maisome na mchimbaji wa Nyarugusu wana haki ya kuuliza mizani imeshikwa na nani, na mtumishi ana wajibu wa kuwajibu kwa daftari lililo wazi.